Ini la Asiyekunywa Pombe



Kati ya Kitale na Bungoma, mtu akiugua ini huulizwa jambo moja kabla ya mengine yote. Alikuwa akinywa? Akifa, matangani watu hunong'ona hivyo hivyo. Swali hilo lina haki yake, lakini limeanza kutupoteza. Wamo miongoni mwetu wagonjwa wa ini ambao hawajaonja busaa wala chang'aa: mama wa Kanisa la Friends kule Lugulu, ustadhi wa Bungoma mjini, mwalimu mstaafu wa Kiminini. Watu hawa hubeba mzigo wa ugonjwa na juu yake mzigo wa kushukiwa. Wengine huficha ugonjwa wasije wakaitwa walevi wa siri, na wanapofika hospitalini tumbo limeshajaa maji.

Kwanza tuwape maadui wa zamani nafasi yao. Pombe huharibu ini, na hilo halina ubishi. Chang'aa ilihalalishwa kwa sheria ya vileo ya 2010, lakini ile ya vichochoroni bado haina lebo ya kumwambia mnywaji nguvu yake. Virusi vya hepatitisi B huambukizwa kutoka kwa mama hadi mtoto, kwa damu na kwa kujamiiana. Chanjo yake iliingia katika chanjo za watoto wachanga mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo wengi wetu tulio watu wazima tulizaliwa kabla haijafika. Aflatoksini, sumu ya ukungu unaoota kwenye mahindi yasiyokauka vizuri, iliua watu 125 kati ya 317 waliougua mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui. Hata kwa kiasi kidogo, ikiliwa miaka mingi, huchochea saratani ya ini. Kwa watu tunaoishi kwa mahindi, tahadhari hiyo isitutoke akilini.

Leo nazungumza juu ya adui wa nne. Mwaka 1980, Jürgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic huko Marekani walichapisha habari za wagonjwa 20. Maini yao, yakitazamwa kwa hadubini, yalifanana na ya walevi: mafuta, uvimbe, makovu. Lakini wagonjwa hao hawakuwa walevi. Wengi wao walikuwa wanene, na kisukari kilikuwa cha kawaida miongoni mwao. Ugonjwa huo ulipewa jina wakati huo, na mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini duniani vikaubadilisha jina ili litaje chanzo chake, yaani hitilafu za umetaboli, jinsi mwili unavyotumia chakula. Sasa, mtu akiwa na mafuta katika zaidi ya asilimia 5 ya chembe za ini lake, na pia ana angalau dalili moja kama kiuno kikubwa, presha, sukari au mafuta mabaya ya damu, tunasema anao, mradi hanywi kupita kiasi. Kiasi hicho ni gramu 20 za alkoholi kwa siku kwa mwanamke na 30 kwa mwanamume. Chupa moja ya bia ya nusu lita ina karibu gramu 20. Anayezidisha hapo na bado ana kitambi na sukari, ini lake linapigwa kutoka pande mbili.

Dalili hizo hazitembei peke yake. Profesa Gerald Reaven wa Stanford alilieleza jambo hili katika mhadhara wake mashuhuri wa 1988: presha, sukari na mafuta ya damu ni ndugu, na mzazi wao ni mwili ulioacha kuiitikia insulini. Tangu 2009 vyama vikubwa vya kitaalamu vimekubaliana kwamba mtu ana sindromu ya umetaboli akiwa na mambo matatu kati ya matano. Kiuno: kwa sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara hutumika sentimita 94 kwenda juu kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Presha ya 130 kwa 85 kwenda juu. Sukari ya 5.6 kwenda juu kabla ya kula. Trigliseridi za 1.7 kwenda juu. Na yale mafuta mema ya damu, HDL, yakiwa chini ya 1.0 kwa mwanamume au 1.3 kwa mwanamke. Anayemeza dawa ya presha au ya sukari huhesabiwa hata kama kipimo chake cha leo ni kizuri.

Uchunguzi wa kitaifa wa 2015 uliwapima Wakenya wa miaka 18 hadi 69. Karibu mmoja kati ya wanne alikuwa na presha. Asilimia 27 walikuwa na uzito uliozidi: wanawake asilimia 38.5, wanaume 17.5. Lililonishtua zaidi ni kwamba asilimia 56 hawakuwahi kupimwa presha maishani, na karibu asilimia 88 hawakuwahi kupimwa sukari. Miaka saba baadaye, uchunguzi wa afya wa 2022 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa miaka 20 hadi 49 wana uzito uliozidi. Kwa hiyo anayesema kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri wa Nairobi hajaketi asubuhi kwenye foleni ya kliniki ya presha na sukari, Kitale, Webuye au Bungoma.

Sasa, mafuta hufikaje kwenye ini? Wengi hudhani ni yale ya kukaangia chipsi, yaliyopita mdomoni yakatua pale. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulifuatilia asili ya mafuta hayo ndani ya maini ya wagonjwa. Asilimia 59 yalitoka katika akiba ya mwili wenyewe. Asilimia 26 yalitengenezwa na ini, na malighafi yake kubwa ni sukari na wanga. Yaliyotoka moja kwa moja katika vyakula vya mafuta yalikuwa asilimia 15 tu. Mkulima wa Trans Nzoia ataelewa haraka. Mavuno yakizidi ghala, magunia huingia sebuleni, kisha jikoni, mpaka watu wakose pa kupita. Mafuta nayo yana ghala lake halali, chini ya ngozi. Likijaa, au likiwa dogo kwa maumbile, mafuta huhamia ndani ya tumbo, huzunguka utumbo, kisha huingia kwenye ini. Ndiyo maana kiuno hutuambia mengi kuliko mizani. Wako watu wembamba wa mikono na miguu wenye kitambi kidogo kigumu, na maini yao yamejaa.

Hapo ini haliumi. Ndani yake halina mishipa ya kuhisi maumivu. Anayehisi kitu huhisi uzito tu chini ya mbavu za kulia, au uchovu ambao anausingizia kazi. Kwa wengine mafuta hubaki mafuta. Kwa wengine huleta uvimbe wa ndani, na uvimbe huacha makovu, ambayo tunayapima kuanzia hatua ya 0 hadi ya 4. Hatua ya 4 ndiyo sirosisi, ini lililosinyaa: maji tumboni, macho ya manjano, kutapika damu, na wakati mwingine saratani. Kwa wastani, makovu husonga hatua moja kwa miaka 14 kwa mwenye mafuta tu, na kwa miaka kama 7 kwa mwenye uvimbe. Maana yake tuna muda mrefu wa kutenda, na muda huo tunauacha upite bila kupima. Niongeze kwamba wengi wa wagonjwa hawa huuawa na moyo au kiharusi kabla ini halijawaangusha. Ini lenye mafuta ni habari ya mwili mzima.

Mabibi na mabwana, hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu nadhani ndipo penye kizuizi kikubwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kaunti hizi zetu, kukonda kulimaanisha kitu kimoja. Mtu akipungua, majirani walihesabu siku. Kisha mwaka 2001, Chuo Kikuu cha Moi na Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi kule Eldoret, pamoja na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani na washirika wake, walianzisha mpango wa AMPATH, na dawa za virusi vya ukimwi zikashuka hadi Kitale, Webuye na Bungoma. Watu walioletwa kwa toroli walirudi kulima. Dalili ya kwanza ya uzima ilikuwa mwili: mashavu yakajaa, mkanda ukakaza, na familia ikashukuru Mungu. Kizazi kizima kilijifunza kwamba unene ni uhai. Juu ya hilo kuna mazoea ya zamani zaidi, ya kumwona mtu na kitambi na kusema mambo yake yamenyooka.

Sasa mwambie mama wa miaka 50 mwenye presha na sukari apunguze kilo kumi. Anakutazama. Anajua kwamba akifanya hivyo, sokoni Chwele watamuuliza mumewe kama nyumbani kuna amani. Wapo wanaoniambia waziwazi: daktari, nikikonda watasema nina ule ugonjwa. Hofu hii si ujinga. Ilizaliwa na makaburi tuliyoyachimba. Lakini mshauri wa lishe anayesoma orodha ya vyakula bila kuigusa hofu hiyo anapoteza maneno yake. Inatupasa tuseme hadharani, makanisani, misikitini na katika mabaraza ya chifu, kwamba mtu anayepungua kwa hiari, huku akila na kutembea, anajitibu.

Ndugu zetu wanaoishi na virusi vya ukimwi wanahitaji neno lao. Baadhi ya dawa za zamani, kama stavudini, ziliweza zenyewe kuweka mafuta kwenye ini. Ziliondolewa. Dolutegraviri, ambayo Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza Afrika kuianza, mwaka 2017, ni dawa bora sana, ila majaribio ya Afrika Kusini na Kameruni yalionyesha kwamba watu huongezeka uzito wakiwa nayo, hasa wanawake. Asiache mtu dawa kwa ajili hiyo, hata siku moja. Ila kliniki iliyompa uhai impime pia kiuno, presha na sukari, na iulize habari za ini lake.

Juu ya chakula sitasema mengi, maana mmeshahubiriwa. Kitale ndiyo iliyoipa Kenya mahindi chotara. Kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa hapa 1956, na mbegu ya H611 ikatolewa 1964. Kazi hiyo ililisha taifa, nami naiheshimu. Lakini babu zetu walisonga ugali wa wimbi na mtama, wakaula na saga, mnavu, mrenda na mitoo, kisha wakatembea kutwa. Leo sahani imejaa ugali wa unga mweupe uliokobolewa, mboga imekuwa kitoweo cha kuonja, na safari ya kilomita mbili ni ya bodaboda. Wala sisemi ugali ni sumu. Nasema upungue uwe robo ya sahani, na mboga ziwe nusu. Sukari ndiyo ningependa muiogope zaidi. Soda ya kola ya nusu lita ina kama gramu 53, ambazo ni vijiko 13 vya chai. Shirika la Afya Duniani linapendelea mtu mzima asizidi gramu 25 kwa siku. Nusu ya sukari hiyo ni fruktosi, na kazi ya kuisaga mwilini huiangukia ini zaidi kuliko kiungo kingine chochote. Na kuna jambo moja zuri: kahawa. Tafiti nyingi zimekuta wanywaji wa kahawa wana makovu machache ya ini. Miteremko ya Mlima Elgon, kutoka Kimilili hadi Chesikaki, huilima, nasi huiuza karibu yote na kurudi kwenye chai ya vijiko vitatu. Mkulima wa kahawa ajibakizie kidogo, aikaange, ainywe bila sukari.

Sasa nije kwa vipimo, nanyi matabibu nisikilizeni kwa makini. Picha ya ultrasaundi huyaona mafuta yakishakuwa mengi, kama robo ya ini hivi. Yakiwa kidogo huyapita. Na vimeng'enya vya ini vinaweza kuwa sawa kabisa kwa mtu mwenye makovu. Ipo hesabu iitwayo FIB-4, iliyotungwa 2006 kwa wagonjwa wenye virusi vya ukimwi pamoja na hepatitisi C. Haihitaji mashine mpya. Chukua umri, uzidishe kwa kimeng'enya cha AST, kisha ugawanye kwa idadi ya chembe sahani za damu iliyozidishwa kwa kipeuo cha pili cha kimeng'enya kingine, ALT.

Tuchukue mama wa duka, miaka 52, ana presha na sukari. AST yake ni 40, ALT 36, chembe sahani 160. Katika maabara nyingi, hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivyo kitakachowekewa alama nyekundu. Ataambiwa yuko sawa. Fanya hesabu: 52 mara 40, gawanya kwa 160 mara 6. Unapata karibu 2.2. Chini ya 1.3 tungemtuliza na kumpima tena baada ya mwaka mmoja hadi miwili. Juu ya 2.67 tungekuwa na wasiwasi mkubwa wa makovu mazito. Huyu yuko katikati, wala si mtu wa kurudishwa nyumbani na neno moja la faraja. Anahitaji kupelekwa kwenye hospitali kubwa yenye mashine ya kupima ugumu wa ini. Karatasi ilikuwa nayo habari hiyo muda wote. Hakuna aliyeisoma kwa pamoja.

Hesabu hii ina mipaka yake. Kwa walio chini ya miaka 35 haiaminiki sana, na kwa waliopita 65 mstari wa chini hupandishwa hadi 2.0. Hapa kwetu kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havilitilii mkazo: malaria hushusha chembe sahani na inaweza kupandisha AST. Bungoma ni nchi ya malaria. Usimfanyie mtu hesabu hii akiwa na homa. Mtibu, asubiri apone, kisha umpime. Na kila mmoja apimwe pia hepatitisi B, maana mafuta na virusi vinaweza kukaa katika ini moja.

Kuna wanaosema Waafrika tumekingwa. Ni kweli kwamba katika uchunguzi wa Dallas, Marekani, uliochapishwa 2004, ini lenye mafuta lilikutwa kwa asilimia 24 ya watu weusi, dhidi ya 33 ya wazungu na 45 ya wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Aina ya jeni ya PNPLA3 inayochochea ugonjwa huu ni haba zaidi kwetu. Lakini asilimia 24 ni karibu mtu mmoja kati ya wanne. Tena watu wenye asili ya Afrika mara nyingi huwa na trigliseridi za chini hata insulini yao ikiwa imeshachoka, kwa hiyo anayesubiri kipimo hicho kipande atawakosa wengi. Kwetu utepe wa kiunoni husema kweli mapema zaidi.

Tiba? Marekani iliidhinisha dawa ya resmetiromu mwezi Machi 2024, na semaglutidi kwa ugonjwa huu Agosti 2025. Ni habari njema, ila kwa bei zake hazitamfikia mgonjwa wa Kapsokwony kesho. Ushahidi unaonipa moyo unatoka nchi isiyo tajiri. Huko Havana, Kuba, wagonjwa 293 walifuata mpango wa chakula na mazoezi kwa wiki 52, na matokeo yakachapishwa 2015. Kati ya waliopunguza asilimia 10 ya uzito wao au zaidi, asilimia 90 waliondokewa na uvimbe wa ini, na asilimia 45 makovu yao yalirudi nyuma. Kwa mtu wa kilo 85, ni kilo 8 na nusu. Hata asilimia 5 hupunguza mafuta. Ila msifunge kwa ghafla, wala msimeze unga wa kupunguza tumbo unaouzwa stendi. Dawa zisizojulikana zimeshaharibu maini ya watu waliokuwa wazima.

Peke yake mtu huchoka. Hapa magharibi mwa Kenya jambo hili limeshajaribiwa: utafiti uliochapishwa 2021, wenye watu 2,890 katika vituo 24, uliunganisha kliniki za vikundi na vyama vya kuweka na kukopa. Waliopata vyote viwili, presha yao ya juu ilishuka kwa wastani wa 16.4, dhidi ya 11.4 kwa waliopata huduma ya kawaida. Chama tunacho kila kijiji. Akina mama wanaokutana kuhesabu shilingi zao wanaweza, dakika hiyo hiyo, kupimana kiuno na kuulizana nani ametembea wiki hii.

Tangu Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii laki moja wamepewa vifaa nchini kote, na ndani ya mikoba yao mna mashine ya presha, kipima sukari na mizani. Ombi langu kwa wakuu wa afya wa Trans Nzoia na Bungoma ni la mambo mawili. Ongezeni utepe wa kupimia, ule wa fundi cherehani, katika kila mkoba. Na agizeni kwamba kila mgonjwa wa kliniki ya presha na sukari aliyepita miaka 35 apimwe AST, ALT na chembe sahani mara moja kwa mwaka, hesabu ifanywe, na jibu liandikwe kwenye kadi yake. Nanyi mlioketi hapa, mtakapokwenda kliniki mwezi ujao, msitoke chumbani mwa daktari kabla hamjamuuliza: na ini langu je?